Kidato cha Sita Kwenda Chuo: Yafanye Haya Kabla ya Matokeo

Mtihani ni Mei, matokeo hutoka Julai, na katikati wengi wenu mtakuwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mbali na simu. Maandalizi ya chuo yafanyike kabla hujapanda basi la kwenda kambini. Nimekuwa mwalimu wa ushauri shuleni miaka mingi, na wanaokwama kwa sababu ya karatasi ni wengi kuliko mnavyodhani. Wengine wana daraja la kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta kazi, kozi itafuata

Nenda kwa mtu anayefanya kazi unayoitamani, umuulize siku yake inaanza vipi na inamchosha wapi. Kisha tafuta kazi mbili za jirani. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) akiniambia "udaktari tu", namuuliza: je, umefikiria famasia, sayansi ya maabara, au tiba ya mifugo pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro? Wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) naye asiishie kwenye uhasibu. Kuna upangaji miji Chuo Kikuu Ardhi, kuna takwimu, kuna ushirika kule Moshi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi

A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Sharti la jumla la shahada ni pasi kuu mbili (yaani kuanzia E kwenda juu) zenye jumla isiyopungua 4.0. General Studies na BAM (Basic Applied Mathematics) hazihesabiwi humo. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha. D na E zina pointi 3, hazitoshi, hata kama somo la tatu nalo una E.

Mtego uko hapa: pointi hizo zinatafutwa kwenye masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja. Chukua mwanafunzi wa EGM mwenye B ya Uchumi, C ya Jiografia na S ya Hisabati. Ana pointi 7 kwenye masomo mawili, lakini kozi inayodai pasi kuu ya Hisabati itamkataa. Kozi za udaktari zinataka pasi kuu za Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Pakua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, tafuta kozi yako, usome safu ya sifa neno kwa neno. Usitegemee wa mwaka jana wala maneno ya kaka yako.

Hatua ya 3: Majina na vyeti

Weka cheti cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne. Kimoja kinasema Mohamed, kingine Mohammed? Kimoja kina majina mawili, kingine matatu? Muulize wakili au ofisi husika utaratibu wa kurekebisha, mapema. Bodi ya Mikopo (HESLB) inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo Bara), au na wakala wa usajili kule Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Kazi hii ndiyo inayokula muda, ianze hata leo.

Hatua ya 4: Barua pepe yako, laini yako

Usimwachie kijana wa steshenari akufungulie barua pepe kwa nywila anayoijua yeye. Ifungue mwenyewe, nywila iandike kwenye daftari. Laini iwe yako, na ukienda JKT imwachie mzazi ikiwa hewani. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo iandike humo humo, utaulizwa kila mahali.

Hatua ya 5: Omba

Maombi ya shahada hupelekwa chuoni moja kwa moja. TCU iliacha kuyapokea yenyewe 2017. Tanguliza kozi unayoitaka kweli, na chini yake weka angalau moja ambayo pointi zako zinaivuka kwa mbali. Mkopo ni ombi lingine kabisa, kwenye mfumo wa Bodi. Kupata chuo hakukupi mkopo. Fomu yake inahitaji sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, ya mdhamini, na muhuri wa wakili au hakimu. Ukurasa mmoja ukikosa muhuri, ombi lako halijakamilika.

Hatua ya 6: Thibitisha

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kabla ya dirisha kufungwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Sasa unaona kwa nini laini ibaki hewani.

Ukikosa awamu ya kwanza, angalia kozi zenye nafasi uombe awamu ya pili, na safari hii ulegeze masharti yako. Pointi zikiwa pungufu, kuna diploma kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), na kuna programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo ukiifaulu unaomba shahada.