Kuchagua mfumo endeshi wa seva kwa SQL Server ya ofisi ndogo

Anza na programu, si mashine. Soma mwongozo wa programu yako ya mauzo au uhasibu uone inataka SQL Server (programu ya Microsoft ya hifadhidata) toleo gani. Toleo hilo ndilo litakalokuchagulia mfumo endeshi. SQL Server 2019 na 2022 zinataka Windows Server 2016 kwenda juu. Ile seva ya zamani yenye Windows Server 2012 R2 usihangaike nayo.

Kwa kompyuta za kaunta tatu nne, Windows 11 Pro na Express, aina ya bure ya SQL Server, vinatosha. Mtego uko kwenye diski. Baadhi ya diski za NVMe (aina ya SSD zenye kasi) huripoti sekta, yaani vipande vya kuandikia data, kubwa kuliko KB 4, na SQL Server hukataa kuwaka. Kabla ya kusakinisha, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

fsutil fsinfo sectorinfo C:

Tazama mstari wa PhysicalBytesPerSectorForAtomicity. 512 au 4096 ni salama. 8192 au 16384, tafuta diski nyingine.

Express ni ya bure, ila katika SQL Server 2019 na 2022 kila hifadhidata hukomea GB 10. Ikifika hapo, mauzo mapya hayaingii.

Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa Linux, huokoa pesa za leseni ya Windows, na SQL Server huikubali. Muulize kwanza muuzaji wa programu: nyingi zina huduma zinazohitaji Windows kwenye seva hiyohiyo.

Express huja TCP/IP (njia ya kuunganishwa kupitia mtandao) ikiwa imezimwa. Iwashe kwenye SQL Server Configuration Manager, weka poti (port) ya 1433, iruhusu kwenye ngome ya mtandao (firewall), kisha washa huduma ya SQL Server upya. Vinginevyo kaunta hazitaiona seva.