Jinsi ya kuhakiki jengo

Mimi ni msanifu majengo, na uhakiki ulioandikwa kwa kutazama picha tu huwa ninautambua mara moja: hausemi lolote kuhusu joto, kelele wala mahali pa kukaa. Kwa hiyo nenda mwenyewe. Ingia kwa mlango wanaoutumia wafanya usafi, kisha rudi wakati wa jua kali, na tena mvua ikinyesha, uone maji yanaelekea wapi. Muulize mlinzi ni pembe gani watu huikwepa. Yeye analijua jengo kuliko sisi tuliolichora.

Michoro isome baadaye, ili ulinganishe ahadi na kilichosimama. Mfano ninaoupenda ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, aliliinua paa la bati juu ya dari ya matofali yenye matundu, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Hapo mhakiki ana kitu cha kupima: je, darasani mnakalika mchana? Na uzuri wa paa hilo usiuweke kwenye aya ya peke yake, kwa sababu umbo lake limetokana na kazi hiyohiyo ya kupoza darasa.

Taja pia nani alilipa, na nani atagharimia matengenezo.

Kama jengo umelisanifu wewe, subiri litumike misimu kadhaa. Kisha anza na yale waliyoyabadilisha wakaaji: pazia walilotundika, mlango walioufunga kwa misumari. Waulize sababu, na uandike majibu yao kabla ya utetezi wako.