Saikolojia ya muziki kwa elimu ya masafa: jinsi ya kusoma uzamili huku ukiwa kazini

Hatua ya 1: hesabu saa kabla ya kujaza fomu. Katika mfumo wa Uingereza, shahada ya uzamili huwa na krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Jumla ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka mitatu yenye wiki 50, utahitaji saa 12 kila wiki. Kwa miaka miwili, 18. Mwenye ajira achague mitatu. Na saa hizo zitafute kwenye ratiba uliyo nayo leo, si ile unayotumaini kuipata mwakani.

Hatua ya 2: hakikisha ndicho unachokitaka. Saikolojia ya muziki huchunguza jinsi watu wanavyosikia, kujifunza na kupiga muziki. Tiba ya muziki ni taaluma nyingine, yenye mafunzo yake.

Hatua ya 3: anza takwimu mapema. Wanamuziki wengi hukwama hapa. Programu za takwimu za JASP na R ni za bure, basi zizoee kabla muhula haujaanza. Jizoeze pia kuuliza maswali unaposoma utafiti. Ile habari kwamba muziki wa Mozart huongeza akili za watoto ilitokana na makala fupi ya jarida la Nature, 1993. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, na ongezeko walilolipata halikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15. Watoto hawamo kabisa.

Hatua ya 4: andaa jaribio la tasnifu. Hapa ndipo penye kazi. Mwanafunzi wa masafa hana maabara, kwa hiyo washiriki husikiliza wakiwa kwao, kwa vifaa vyao. Mimi nilikusanya majibu ya jaribio la sauti za kushoto na kulia, kisha nikagundua kuwa wengi walitumia spika ya simu. Data yote ikaenda na maji.

Siku hizi naanza na kipimo cha kuhakiki kama mshiriki amevaa hedifoni, kilichochapishwa na mtafiti Woods na wenzake mwaka 2017. Mshiriki husikia milio mitatu na kuchagua ulio hafifu kuliko yote. Mmoja umetengenezwa ili mawimbi ya kushoto na ya kulia yapingane. Kwenye spika mawimbi hayo hukutana hewani na kufutana, basi mlio huo hudhaniwa kuwa ndio hafifu. Kwenye hedifoni kila sikio hupata lake. Maswali ni 6. Asiyepata angalau 5 haendelei.

Usiwagawe washiriki kuwa "wanamuziki" na "wasio wanamuziki" tu. Dodoso la Gold-MSI hupima uzoefu wao wa muziki kwa undani, nalo ni la bure.

Kibali cha maadili ya utafiti kiombe mapema, maana bila hicho huruhusiwi kukusanya hata jibu moja. Wakati unakisubiri, lifanye jaribio wewe mwenyewe kwenye simu dhaifu yenye intaneti ya kusuasua. Sauti ikikatika kwako, itakatika na kwa washiriki.