Kuchagua na Kuunganisha Mapezi ya Nyuzi za Kaboni kwa Wazamiaji wa Pumzi Moja

Mtu anayenunua mapezi marefu ya kuvaa miguuni kwa mara ya kwanza huangalia bapa, yaani ubao mrefu unaosukuma maji, kwa kuwa ndilo linalong'aa na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya bei. Mimi ninayeyaunganisha mapezi haya huanza na kiatu, yaani sehemu ya mpira inayovaliwa mguuni, nikafuata ugumu wa bapa, na rangi na urembo nikaviacha mwisho. Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo, na unahusu mapezi ya miguu miwili, kila mguu na pezi lake, ambayo bapa lake hutenganishwa na kiatu, yaani aina inayotumiwa na wavuvi wa mkuki na wazamiaji wasiobeba mtungi wa hewa.

Bapa la plastiki likipindwa hupoteza sehemu ya nguvu uliyolitia, nalo hurudi kwa uzito. Nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa resini ya epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu) hurudi upesi na kuisukumia majini sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Fibaglasi imesimama katikati, na huvumilia zaidi inapogongwa. Aidha, fundi anayetandaza vitambaa vya kaboni anaweza kupunguza tabaka kadiri anavyoielekea ncha, ili bapa liwe nene karibu na kiatu na jembamba mwishoni, likapinda kwa mviringo mmoja usiovunjika. Kwa mzamiaji, manufaa yake ni kutumia oksijeni kidogo kwa umbali uleule, ingawa anayepiga miguu vibaya ataendelea kuipiga vibaya hata kwa kaboni.

Hatua ya 1: Pata kiatu kwanza

Kijaribu kiatu ukiwa umevaa soksi ya neopreni (mpira laini wenye viputo) utakayozamia nayo, kwa kawaida ya unene wa milimita 2 au 3. Kisigino kisipande unapokunja mguu, vidole visijikunje, na unyayo usihisi nafasi tupu upande wowote. Kiatu kinachobana kitaleta ganzi na kukaza kwa misuli ya unyayo. Kinachopwaya kitameza nguvu kabla haijafika kwenye bapa, na hapo kaboni ya bei yoyote itakuwa imenunuliwa bure. Angalia pia mbavu za mpira zinazotoka kiatuni na kukumbatia kingo za bapa, kwa sababu mbavu nene na ndefu huzuia bapa kupinda mahali linapotakiwa kuanza kupinda.

Hatua ya 2: Chagua ugumu

Hapa ndipo wengi hupotoka, mara nyingi kwa kujikadiria nguvu kupita kiasi. Watengenezaji huandika laini, wastani au gumu, lakini hawana kipimo cha pamoja, hivyo bapa la wastani la mmoja linaweza kuwa gumu kuliko la mwingine linaloitwa gumu. Fikiria mambo matatu: uzito wa mwili wako, nguvu ya miguu baada ya saa kadhaa majini, na aina ya mbizi. Mtu mwepesi au wa uzito wa kadiri anayezama kwa utulivu atafaidika na bapa laini. Mwenye mwili mzito, au anayevua penye mkondo mkali na kulazimika kuondoka chini kwa kasi akiwa na samaki mkubwa, ana sababu ya kuchukua la wastani. La gumu ningelipendekeza kwa wachache sana.

Sababu iko katika fizikia ya mbizi yenyewe. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na hewa iliyo mapafuni hubaki na nusu ya ujazo wake. Kwa hiyo, aliyepima vizuri mkanda wake wa risasi (vipande vya metali nzito vinavyomsaidia kuzama) hupiga miguu kwa nguvu katika mita za mwanzo, anapokuwa bado anaelea, kisha baadaye huzama bila juhudi; wakati wa kurudi, nguvu kubwa huhitajika anapoanza kuondoka chini. Sehemu hizo mbili ndizo zinazochosha misuli, na bapa gumu mno huifanya misuli ya paja ilipe gharama kubwa wakati ambapo akiba ya pumzi ndiyo inayotafutwa.

Hatua ya 3: Kagua mabapa

Liinue kila bapa kwenye mwanga na utafute viputo, sehemu zenye ukungu mweupe na kingo zilizochanika. Kisha yalinganishe mawili hayo: yabane upande wa kiatu kwenye ukingo wa meza, kwa ubao laini ili yasikwaruzike, tundika uzito uleule, kilo 1 inatosha, kwenye ncha ya kila moja, na upime ncha imeshuka kiasi gani. Tofauti ya wazi kati yake ni sababu halali ya kuyarudisha. Angalia pia pembe kati ya bapa na unyayo, ambayo kwa mapezi mengi iko kati ya digrii 20 na 30. Bila pembe hiyo utalazimika kunyoosha kifundo cha mguu kupita kawaida ili bapa lilingane na mwili.

Hatua ya 4: Unganisha bila gundi, kisha kwa gundi

Ingiza bapa kiatuni likiwa kavu au limelowanishwa kwa maji matupu. Usitumie mafuta wala silikoni, kwani mabaki yake yataizuia gundi kushika. Likigoma, tafuta tatizo kwanza: mara nyingi ni pembe ya chini ya bapa inayohitaji kupunguzwa kidogo kwa msasa. Kaboni isuguliwe ikiwa imelowa, nawe ukiwa umevaa barakoa ya vumbi na glavu, kwa maana vumbi lake huwasha ngozi na halifai kuvutwa mapafuni.

Likishakaa vizuri, weka alama kwa utepe wa karatasi, litoe, sugua sehemu za gundi kwa msasa wa namba 120 hadi 180, na uzifute kwa spiriti. Kwa mbavu za kiatu na kwa reli za mpira za kingoni (vipande virefu vinavyofunika kingo za bapa), tumia gundi ya poliurethani inayobaki na unyumbufu. Gundi ya papo kwa papo hupendwa kwa sababu ya haraka yake, lakini ikikauka huwa ngumu na hukatika pale bapa linapopinda. Paka tabaka jembamba, funga kwa utepe kila sentimita chache, na uache saa 24 kabla ya kuyagusa.

Kama kiatu kina tundu la skrubu, toboa bapa polepole kwa keekee kali huku ubao umewekwa chini yake, kisha paka epoksi ndani ya tundu ili maji yasipenye kati ya tabaka. Skrubu iwe ya chuma cha pua cha daraja la baharini. Kaboni inapogusana na alumini katika maji ya chumvi husababisha alumini kuliwa haraka, na chuma cha kawaida hakisalimiki. Kaza mpaka ishike, si zaidi.

Hatua ya 5: Jaribu majini

Anza kwenye maji matulivu na mwenzako akikurekodi kutoka ubavuni. Pigo linatakiwa kutoka nyongani, goti likilegea kidogo, na bapa lipinde sawa mbele na nyuma. Ukijiona unakunja magoti kama mtu anayeendesha baiskeli, bapa ni gumu mno kwako au kiatu kinapwaya. Ukipiga kwa nguvu bila kusikia maji yakikupa ukinzani, ni laini mno. Usizame peke yako hata kwa jaribio dogo, wala usipumue kwa kasi kabla ya kushuka. Mwenzako aendelee kukutazama kwa angalau sekunde 30 baada ya kuibuka, maana kupoteza fahamu hutokea pia mtu akiwa tayari juu.

Utunzaji

Vaa mapezi ukiwa ndani ya maji, usitembee nayo kwenye miamba, na usijisukume kwa ncha zake kutoka chini. Yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kuyaanika kivulini, kwa kuwa jua hudhoofisha epoksi na mpira. Kingo ikimeguka kidogo, isugue kwa msasa wa maji na kuipaka epoksi nyepesi. Ufa unaokata upana wa bapa hauzibiki kwa namna inayoaminika; bapa hilo lisirudi kwenye maji yenye kina.