Somo: Kuwatazama ndege wa mafunjo pale Dunga bila kuwasumbua

Kila likizo ninaulizwa maswali yale yale kuhusu Dunga, kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwa hiyo nimeamua kuyajibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya kwanza ni kufika ufuoni kabla ya saa 12:30 asubuhi, wakati ziwa limetulia na ndege wanaimba, kwa sababu alasiri upepo wa ziwani huinua mawimbi.

Hatua ya pili ni kumtafuta mwelekezi ambaye ni mkazi wa Dunga na kukubaliana bei kabla ya kupanda boti.

Hatua ya tatu ni kuvaa jaketi la kuokolea, hata kama unajua kuogelea.

Hatua ya nne ni kukaa mbali na viboko. Usimhimize nahodha asogee ili upate picha, kwani kiboko akishazama hujui ataibukia wapi.

Hatua ya tano ndiyo niliyoikosea. Katika mafunjo haya anaishi gonoleki, ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, ambaye maisha yake yote hutegemea mafunjo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mgeni aliyepaswa kuondoka jioni ile ile, nikatoa simu na kuupiga wimbo wa gonoleki uliorekodiwa, mara ya kwanza, ya pili, hadi ya saba. Ndege alikuja. Alitua kwenye bua lililokuwa karibu na kasia, kiwavi mdomoni, akawa anaruka bua hadi bua akimtafuta mpinzani asiyekuwepo, na muda wote tuliompiga picha kiwavi yule alibaki mdomoni huku makinda yakisubiri. Ndege anayeusikia wimbo huo huamini kwamba eneo lake limevamiwa, kwa hiyo huacha kulisha na kulinda kiota ili apigane na sauti. Usiupige wimbo huo, wala usimwombe mwelekezi akupigie. Wengi wao hufanya hivyo kwa kuogopa kwamba mgeni asiyemwona ndege hatalipa. Basi mwambie mapema, kabla hamjaondoka ufuoni, kwamba utamlipa kikamilifu hata msipomwona.

Hatua ya sita ni kurudi na taka zako zote, chupa za maji zikiwemo.

MASWALI

Mwanachama wa Nakuru: Tukitoka huku asubuhi tutafika saa 5 hivi. Je, tutawaona?

Jibu: Soma hatua ya kwanza. Laleni Kisumu.

Mwanachama wa Kondele: Nikiupiga wimbo mara moja tu, kuna ubaya gani? Waelekezi wenyewe hufanya.

Jibu: Nimeeleza kwa nini waelekezi hufanya hivyo. Kila boti husema ni mara moja tu, na ndege ni yule yule.

Mwalimu wa Kakamega: Nitawaleta wanafunzi. Je, wanaokata mafunjo ya kusukia mikeka ndio wanaommaliza gonoleki?

Jibu: Nashukuru kwa swali hili, Mwalimu. Mafunjo yaliyokatwa huchipuka tena kutoka kwenye mashina ya chini, kwa hiyo anayekata kwa zamu na kuacha sehemu nyingine ikomae hana madhara kama ya anayechoma moto au kufyeka ili alime. Wapeleke wanafunzi kwa wasusi, waone bua likipasuliwa na kuanikwa, na wakiweza wanunue kikapu. Waonyeshe pia jinsi maji yanayopita katikati ya mafunjo yanavyoacha matope yake humo, na uwaeleze kwamba vifaranga vya samaki hujificha humo. Wasitie miguu majini, kwa sababu ziwa lina kichocho.

Mwanachama wa Siaya: Darubini ipi inafaa?

Jibu: 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42. Ile ya kukuza mara 10 hutikisika mno ukiwa botini.

Mwanachama wa Siaya: Nami nitamjuaje gonoleki bila simu?

Jibu: Mwombe nahodha azime injini, boti ielee kando ya mafunjo, kisha nyamazeni. Utasikia wimbo mmoja wenye sehemu mbili; usidhani ni ndege mmoja, kwa kuwa dume na jike hupokezana upesi mno. Tazama mabua yanayotikisika palipo na utulivu wa upepo, nusu ya urefu kutoka majini, na umpe dakika 20.