Namna ya Kumwelekeza Mgeni Mahali pa Kula Mombasa

Mgeni akishuka Mombasa, swali lake la kwanza baada ya joto ni chakula kizuri kinapatikana wapi, na wenyeji wengi humjibu kwa kutaja jina la mkahawa mmoja, wakaapa kwamba hauna mfano, kisha wakanyamaza. Jibu la namna hiyo humsaidia kidogo sana, kwa kuwa kila mkahawa una chakula chake na saa yake. Ukimtuma mtu asubuhi mahali ambapo meko huwashwa magharibi, atakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Na ukimpeleka mpenda bia katika hoteli ya Mji wa Kale, atarudi na kiu yake ileile. Pendekezo linalofaa hutaja mambo matatu kwa pamoja, yaani chakula cha kuagizwa, saa ya kwenda na njia ya kufika, na jina la mkahawa hufuata baada ya hayo.

Kabla ya kupendekeza chochote, muulize mgeni amefikia wapi. Mombasa mjini ni kisiwa: upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na upande wa kusini watu wengi bado wanategemea kivuko cha Likoni. Mtu aliyefikia Diani, pwani ya kusini, ukimwambia aje Kibokoni katika Mji wa Kale kula chakula cha usiku, umempa mlo pamoja na foleni ya feri kwenda na kurudi, na huenda samaki mzuri wa Diani kwenyewe akamfaa zaidi. Aliyeko Nyali au Bamburi naye avuke daraja mapema, kabla ya magari ya jioni kushikana. Uliza pia kama ana watoto, kama hali nyama, na kama amekuja na fedha za kutumia au za kubana. Swali hili la mwisho watu huona haya kuliuliza, lakini aibu kubwa zaidi huja bili inapowekwa mezani.

Ukishayajua hayo, panga mapendekezo yako kwa kufuata saa. Asubuhi ni ya mahamri na mbaazi za nazi, na hapa usimtume mgeni kwenye mkahawa wenye kiyoyozi. Mtume kwenye hoteli ndogo ya mtaani, au kwa mama anayekaanga mbele ya mlango wake, awahi kabla jua halijapanda, maana sufuria ya mbaazi ikishakwanguliwa haipikwi nyingine hadi kesho. Hamri zuri hufura likawa na uwazi ndani, hunukia iliki, na halimwachi mlaji na vidole vinavyochuruzika mafuta. Mbaazi nazo ziwe zimeiva hadi kupondeka, huku tui zito likielea juu yake. Mwambie mgeni achane hamri kwa mkono na achotee mbaazi kwalo. Akiomba kijiko atapewa, ila atapunguza raha.

Mchana ni wa pilau na biriani. Mgeni aliyezoea biriani ya Kihindi inayopikwa kwa kupangwa tabaka juu ya tabaka huenda akashangaa kuletewa wali upande mmoja na rojo upande mwingine, kwa hiyo mweleze mapema kwamba ndivyo biriani ya Pwani inavyopakuliwa, na kwamba utamu wote umo katika rojo lile la vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa rangi ya kahawia, nyanya na maziwa ya mgando. Afike kabla ya saa nane. Siku ya Ijumaa ajihadhari na muda wa sala ya adhuhuri, ambapo milango mingi ya Mji wa Kale hufungwa kwa muda, kisha umati wote hutoka msikitini ukiwa na njaa kwa wakati mmoja.

Jioni haina haja ya mkahawa. Mpeleke mgeni ufukweni Mama Ngina, mahali palipokarabatiwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019, akale viazi karai na mihogo akitazama meli zinavyoingia Kilindini. Ningependa wenyeji wapatie jambo hili uzito zaidi, kwa sababu viazi karai ni chakula ambacho Mombasa inakijua vizuri kuliko miji mingi, na bado hatukitaji mbele ya wageni kana kwamba tunakionea haya. Kiazi huchemshwa, huchovywa katika uji mzito wa unga wenye bizari ya manjano, kisha hutumbukizwa katika karai la mafuta yaliyochemka. Mfundishe mgeni kusimama karibu na karai na kusubiri vile vinavyotoka wakati huo, wala asikubali vilivyorundikwa kwenye sinia tangu alasiri, kwa kuwa ganda lake hulegea na kunywea mafuta. Ukwaju umwagwe juu, pilipili iwekwe pembeni mpaka aijue nguvu yake, na dafu liwe la mwisho.

Usiku ndipo majina yanapokuwa na maana. Kwa chakula cha Kiswahili, mkahawa wa Recoda umejijengea jina kwa vizazi kadhaa, na mtu ataenda pale kwa mishkaki, maharagwe ya nazi na chapati kuliko kwa mandhari. Anayetaka kuku wa kuchoma kwa viungo, naan na sharubati ya matunda aende Tarboush, barabara ya Makadara. Kuna kelele, wahudumu wana haraka, na meza huenda akashiriki na watu asiowajua, mambo ambayo mimi nayahesabu kuwa sehemu ya starehe yake lakini wazee huenda wasiyafurahie. Mwenye fedha na mchumba wa kufurahishwa aelekezwe Tamarind, upande wa Nyali, ambapo mezani unautazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Aweke nafasi kwa simu, aombe meza ya nje, na ajue kwamba sehemu ya anacholipia ni mandhari hayo. Kwa kahawa na mazungumzo marefu, Jahazi iliyoko Ndia Kuu, karibu na Fort Jesus, inatosha, ingawa wauza kahawa wenye madele ya shaba mitaani humwagia kikombe kilicho kikali zaidi.

Samaki anahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu hapo ndipo wageni hulaghaiwa. Msimu wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku, na mkahawa ambao orodha yake haibadiliki mwaka mzima pengine unategemea jokofu. Mwambie mgeni aulize "Leo kuna samaki gani?" badala ya kuuliza kama samaki yupo. Mhudumu akijibu kwa jina, kwamba leo kuna changu, au tewa, au tafi wachache tu, hiyo ni dalili njema. Akijibu kwamba samaki wote wapo, agizeni kuku. Samaki wa kupaka achomwe kwanza kwenye makaa ndipo apakwe tui lililokolea ndimu, thomu na tangawizi, kisha arudishwe motoni hadi tui likauke juu ya ngozi na kuanza kuungua pembezoni. Akiletwa akiogelea katika mchuzi mwepesi, huyo amechemshwa tu, na bei yake iwe ya mchuzi.

Mwezi wa Ramadhani hubadili ratiba yote. Hoteli nyingi za Mji wa Kale hazipiki mchana, na mgeni asiyefunga ataheshimika zaidi akila hotelini kwake; lakini baada ya magharibi barabara hujaa sambusa, kaimati, tambi na vibibi, na hakuna msimu bora wa kumtembeza mtu kwa miguu akila kidogo kidogo.

Mwishowe, jina lolote unalotoa lipigie simu kwanza, hasa kama hujala pale kwa muda, kwa kuwa wapishi huhama na mikahawa hubadilisha wenyewe bila kubadilisha kibao. Mpe mgeni mahali pawili, pa kwanza na pa akiba, pote katika mtaa mmoja ili asizunguke na njaa. Akimaliza kula, muulize alichokula na alicholipa. Akikwambia wali ulikuwa baridi au mbaazi zilikuwa na kokoto, pendekezo hilo liondoe mpaka uende mwenyewe ukaonje.