Kufunga spika mpya kwenye Corolla ya zamani

Corolla yangu ya 1994 imekula vumbi la Moshi hadi karatasi za spika zikachanika. Chomoa kwanza waya hasi wa betri ya gari. Kava la mlango lifungue taratibu, vibanio vya plastiki vilivyozeeka huvunjika kama biskuti. Rangi za nyaya usiziamini, gari hizi zimepita mikono mingi. Mimi huchomoa soketi ya redio, naunga spika mpya kwa muda, kisha kule kwenye soketi nagusisha betri ndogo ya volti 1.5, sekunde moja tu. Karatasi ikisogea nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Ikiingia ndani, geuza. Ukikosea nyaya za spika ya upande mmoja, besi inapungua sana! Waya hasi wa spika usiufunge kwenye bodi ya gari, unaweza kuunguza redio. Ukiridhika, chomea kwa risasi, zungushia tepu.